Adhana Ilinikuta Baharini

Jumamosi, saa kumi na moja na nusu alfajiri, nilikuwa nimekaa kwenye kizingiti cha mlango wa uani, viatu mguuni, naomba mvua inyeshe. Si mvua ya mchezo. Nilitaka ile inayofunga barabara, ili Madam Tunu atume ujumbe kwamba safari imeahirishwa. Nikatazama juu. Nyota zote zilikuwepo.

Kabla sijaenda mbali niseme kwa nini nilikuwa nakwenda. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu hapa Kilwa Masoko, na tangu likizo ianze nimejiunga na kundi la vijana wanaojitolea kupokea wageni wa utalii. Nilijiunga kwa sababu moja ambayo sikumwambia mtu: nilisikia kazi yenyewe ni kugawa maji ya kunywa na kuwaonyesha watu choo kilipo. Hilo ningeliweza. Sisi wengine kuzungumza mbele ya watu ni kama kuambiwa tuvue nguo. Lakini Madam Tunu, mama wa Lindi mjini anayetufundisha, alisema hatoki mtu kumpokea mgeni kabla hajapaona mahali penyewe. "Huwezi kumsifia mtu pilau ambayo hujaionja," ndivyo alivyosema. Basi ikapangwa safari ya siku moja: Kilwa Kisiwani kwanza, halafu Songo Mnara, halafu nyumbani. Na kila mmoja wetu apewe kituo kimoja asimame awaeleze wenzake kama vile ni wageni.

Sasa, sisi ni Wamwera wa huko ndani, upande wa Kitomanga. Tulihamia Masoko nikiwa darasa la pili. Baba anauza mbaazi, mahindi na korosho sokoni. Kwetu bahari ni mahali samaki wanapotoka, basi. Nilikuwa sijawahi kupanda chombo hata siku moja, na Baba naye hivyo hivyo. Hata akitumwa bandarini hupita njia ya juu, ya maofisini, asiyaone maji. Mama alimbembeleza jioni tatu ndipo akakubali, na alikubali kwa sharti.

"Uende," aliniambia bila kunitazama, anachambua mbaazi. "Lakini adhana ya magharibi ikukute ndani ya nyumba hii. Ikikukuta nje, mambo ya kujitolea yameisha, na likizo yote iliyobaki utaimalizia Kitomanga kwa bibi yako."

Baba hasemi jambo mara mbili. Na mimi, pamoja na woga wangu wote, nililitaka lile kundi. Shuleni naweza kuumwa wiki nzima mtu asijue. Lakini pale, siku moja nilichelewa kidogo, na nilipofika mlangoni nikasikia mtu anauliza, "Rukia yuko wapi? Tusianze bila Rukia." Nilikaa na maneno hayo siku nyingi.

Mvua haikunyesha. Nikaenda.

Bandarini. Kulikuwa kumepambazuka. Boti yetu ilikuwa ya faiba, nyeupe, ina mashine moja nyuma, na ilikuwa inacheza juu ya maji hata kabla hatujaingia. Nahodha Shomari, mtu mzima mwenye kofia ya sufu, alikuwa anagawa majaketi ya kuelea ya rangi ya chungwa.

"Shikamoo."

"Marahaba, binti. Mbona umelishika jaketi kama mtoto mchanga? Livae."

Nililivaa nikafunga mikanda yote, hata ule wa kupita katikati ya miguu ambao hakuna aliyeufunga. Skolastika, rafiki yangu, akanicheka. Skola ni Mmakonde, wazazi wake walishuka kutoka uwanda wao wa juu wakafungua duka la vipuri, na yeye haogopi kitu ila paka. Nyuma yetu alikuja Idrisa. Idrisa amezaliwa hapa hapa Masoko, babu zake wavuvi, na kila anapotembea ni kama ana hati ya kumiliki bahari.

Tulipokuwa tunangoja kupanda, niliona ukuta wa gati una alama ya unyevu juu ya maji. Kumbe maji yalikuwa pale juu muda si mrefu uliopita. Nikamuuliza Idrisa taratibu, "Hivi maji yanajaa au yanatoka?"

Akageuka kwa wenzetu wote. "Jamani! Rukia anauliza maji! Wewe Mmwera, maji unayoyajua ni ya kisima. Ingia kwenye boti, maji tuachie wenyewe."

Watu wakacheka. Skola akamwambia, "Na wewe ukija kwetu kuchimba viazi pori vya ming'oko tutakuuliza jembe linashikwaje," lakini mimi nilikuwa nimeshafunga mdomo. Nimekuja kugundua baadaye kwamba hakuna mtu hata mmoja kati yetu aliyeuliza maji siku ile. Madam alijua Nahodha anajua. Nahodha alijua Madam amepanga. Na wenzangu, watoto wa pwani wote, waliona haya. Mtu wa pwani kuuliza maji mbele za watu ni sawa na mtu kuuliza njia ya kwenda kwao.

Kuvuka kwenda Kisiwani. Ni mwendo mfupi, waliozoea wanauita kuvuka barabara. Mimi nilikaa katikati, nikakamata ubao wa kukalia kwa mikono miwili, nikakaza macho kwenye kifungo cha shati la mtu aliyekuwa mbele yangu. Kilikuwa cha kijani, kimeshonewa uzi mweupe. Ukiniuliza bahari ya pale ikoje, sijui. Kifungo nakijua.

Kilwa Kisiwani. Tulishuka tukiloana mpaka magotini, na mbele yetu lilikuwa Gereza, ile ngome kubwa iliyo karibu na maji. Mwenyeji wetu aliitwa Bi Somoe, mama wa kisiwa aliyezoea kutembeza watu. Alitupokea kwa vitumbua vya moto akasema, "Kuleni kwanza. Mtu mwenye njaa haoni kitu, anaona mawe."

Skola ndiye aliyepewa kituo cha Gereza. Alisimama chini ya mlango mkubwa, akaanza kueleza vizuri, na Idrisa akajifanya mgeni kutoka Ulaya, ameziba pua nusu. "Samahani dada, choo iko wapi? Hii jengo nani nakaa?"

"Anakaa mwenye maswali kama yako," Skola akajibu, "amefungiwa humo mpaka leo." Hata Bi Somoe alicheka mpaka ushungi ukamtoka.

Kisha tukaenda Msikiti Mkuu. Wenzangu walipiga picha kwenye nguzo. Mimi niliingia chini ya kuba moja nikasikia kitu kinapumua juu ya kichwa changu. Popo. Walikuwa wengi, wamejibana kwenye giza la kuba, na wote kama walikuwa wananitazama. Nikatoka nje kinyumenyume. Kwenye makaburi Bi Somoe alitusimamisha, akatuambia tuvue viatu, tutoe salamu.

"Hata mgeni asiye Mwislamu, Bibi?" Madam akauliza.

"Hata yeye. Hapa ni kwa watu. Kufa hakukuwatoa kwao."

Sote tukasalimia. Nilisalimia kwa sauti ndogo, na nikawa na hofu kwamba sikusikika, nikarudia.

Husuni Kubwa, jumba la wafalme wa zamani, sitaisahau kwa sababu ya ukingo wake. Jumba lile limekaa juu ya mwamba, na chini yake ni maji. Wenzangu walikaa ukingoni wakaning'iniza miguu. Mimi nilisimama karibu na lile bwawa la kuogea la pembe nane, lililokauka, nikafikiri: wafalme nao walichimba maji yao juu huku badala ya kuyafuata kule chini. Sikumwambia mtu, lakini nilijisikia nina ndugu.

Tulipoaga, Bi Somoe alimuuliza Nahodha, "Mnakwenda Songo Mnara leo?"

"Tunakwenda."

"Haya. Msikae."

Tulilichukua kama neno la kuagana tu.

Kuelekea Songo Mnara. Huku ndiko nilikojua bahari ni nini. Tulipotoka kwenye kivuli cha kisiwa, upepo wa kusi ukatupiga ubavuni na boti ikaanza kuruka. Inapanda, inakaa hewani kidogo, halafu inaanguka, pwaa, na maji ya chumvi yanakuja usoni kama mtu amekumwagia beseni. Kifungo cha kijani hakikusaidia tena. Nilimshika Skola mkono mpaka akasema, "Rukia, huo mkono nitauhitaji kulia ugali." Nilisoma kila dua niliyoijua, zikaisha, nikaanza kusoma ya kuingilia chooni.

Halafu ghafla kukatulia. Tulikuwa tumeingia kwenye mkono mwembamba wa maji katikati ya mikoko, kijani pande zote mbili, na mashine ikapunguzwa. Nahodha akatia nanga. "Nusu saa," akasema. Madam akaitikia, "Hata haifiki." Tukashuka tukafuata kinjia cha mchanga kuingia kisiwani.

Magofu ya Songo Mnara yametulia mno. Ni mji mzima usio na watu: nyumba, vyumba, milango, misikiti, na nyasi zimepanda kila mahali. Mlinzi wa magofu, kijana mpole mwenye panga la kufyekea, alitutembeza. Mji ule ulinitisha kuliko popo. Ukipita chumba hiki kuingia kile unahisi kama mwenye nyumba ametoka sasa hivi na atarudi akukute.

Na hapo ndipo kilipokuwa kituo changu.

Nilisimama mbele ya mlango wa nyumba moja. Wenzangu wakakaa kwenye kifusi. Nikasema, "Karibuni. Hii ni nyumba. Ilikuwa ni nyumba ya mtu." Nikasimama hapo. Kila nilichokariri wiki nzima kilikuwa kimemwagika baharini.

Idrisa akanyoosha mkono. "Samahani dada, mbona natetemeka wewe?"

"Kwa sababu naogopa," nikasema.

Walicheka, lakini si vibaya. Madam akasema, "Mgeni hapendi mtu muongo. Endelea hivyo hivyo."

Basi nikawaambia nilichokuwa nakiona. Kwamba mlango ni mfupi, hata mtu mkubwa lazima ainame akiingia. Kwamba mle ukutani kuna vishubaka, na kwamba nadhani mama wa humo alikuwa anaweka vitu ambavyo hataki watoto wavifikie. Mlinzi akatikisa kichwa kukubali. Nilipokaa chini nilikuwa nimemaliza. Na kwa kuwa kila mtu alitaka kurudia zamu yake hata aliyekwisha kupita, na Idrisa akatoa maelezo marefu kuliko ukuta wa mji, nusu saa ya Nahodha ilipita, na nyingine, na nyingine.

Saa sita mchana tulirudi kwenye mikoko. Skola alikuwa mbele, akasimama ghafla mpaka nikamgonga mgongoni.

Boti ilikuwepo, imelala ubavu. Maji hayakuwepo.

Pale tulipoingilia tukielea palikuwa tope, tope tupu la kijivu linalong'aa, na kaa wadogo wanatembea na mkono wao mmoja mkubwa kama wanatuita. Nahodha alikuwa amekaa juu ya mzizi anavuta sigara.

"Nahodha, vipi hii?" Madam akauliza.

"Maji yametoka."

"Naona yametoka! Kwa nini hukutuambia?"

"Mimi niliambiwa nusu saa haifiki. Nilipoona mnakawia nilipiga kelele mpaka koo likakauka. Mlikuwa ndani huko mnapigiana makofi."

"Mimi nilijua wewe ndiye mwenye bahari."

"Na mimi nilijua wewe ndiye mwenye ratiba, Mwalimu."

Skola akamgeukia Idrisa, akamuuliza kwa upole kabisa, "Mtoto wa bahari, bahari yako umeiweka wapi?" Idrisa alikuwa anatazama viatu vyake.

Mimi nilikuwa sicheki. Nilimuuliza Nahodha maji yanarudi saa ngapi, na safari hii sikujali nani anasikia. Akatazama tope, akatazama jua. "Kuelea hii boti? Kumi na moja. Na upepo huu, tukiharakisha sana, Masoko tunaingia na magharibi."

Tunaingia na magharibi. Kutoka bandarini mpaka kwetu ni mwendo. Nikamweleza Madam sharti la Baba, lote, na la Kitomanga pia. Alinisikiliza akashika kiuno.

Mlinzi wa magofu akasema, "Kuna ngalawa kule upande wa mkondo, inapeleka pweza Masoko sasa hivi. Alasiri itakuwa imeshafika. Ukitaka nikupeleke ukawaombe."

Madam hakupenda. Alisema peke yangu haiwezekani. Skola akasema, "Nitakwenda naye mimi." Madam akafikiri, akasema, "Kaioneni kwanza. Mkiona hapana, ni hapana."

Tulipita kwenye tope. Tope la mikoko linakumeza mguu taratibu, halafu linakataa kuurudisha. Mara mbili Skola aliacha kandambili zake chini na mlinzi akazichimbua kwa mkono. Tukatokea upande wa pili, na ngalawa ilikuwa pale, kwenye maji ya kina yenye rangi nyeusi. Nilidhani itakuwa kama boti ila ndogo kidogo. Jamani. Ilikuwa nyembamba kama kinu kilicholazwa. Wanaume wawili walikuwa ndani na ndoo za pweza, na mmoja wao alikuwa anachota maji ya ndani kwa dumu lililopasuliwa, anayamwaga nje, yanarudi, anayamwaga.

"Njooni," akatuita, akacheka. "Yanaingia kidogo tu."

Mbele yangu kulikuwa na ngalawa. Nyuma yangu kulikuwa na Baba. Nilijua kwa hakika kwamba nikipanda ile nitafika kabla ya adhana, na kwamba nitabaki kwenye kundi. Nilitia mguu mmoja majini. Yalikuwa ya baridi, na chini yake sikuona kitu.

"Skola, unajua kuogelea?"

"Sijui. Wewe?"

"Sijui."

"Basi kazi ipo," akasema. Lakini alikuwa tayari, nilimwona, angepanda kwa ajili yangu. Hicho ndicho kilichonirudisha nyuma zaidi. Nikatoa mguu wangu majini. Nikawaambia wale wavuvi asante. Njia nzima ya kurudi nililia, na tope na machozi sikujua kipi nafuta.

Kwa kuwa sikupanda, ikabaki kupiga simu. Mtandao ulipatikana mahali pamoja tu, juu ya kifusi cha ukuta mmoja, ukisimama umenyoosha shingo. Madam alinipa simu yake.

"Nitampigia mimi," alisema kwanza, halafu akabadili. "Hapana. Akisikia sauti ya mtu mgeni atajua limetokea baya. Anza wewe, kisha nipe."

Ikaita. Nilisikia kelele za soko, mtu anapima kitu, sarafu.

"Baba, shikamoo. Ni Rukia."

"Marahaba."

"Baba, maji yametoka, boti imekaa chini. Hatuwezi kuondoka mpaka yarudi. Tutachelewa."

Soko likaendelea kuuza nyuma yake.

"Mko wapi?"

"Songo Mnara."

"Haya," akasema, akakata.

Madam alikuwa bado amenyoosha mkono kupokea simu. "Amesemaje?"

"Amesema haya."

"Basi si vizuri? Amekubali."

Hamjui Baba. Mchana wote uliobaki nilikaa juu ya mzizi naigeuzageuza ile haya. Wenzangu waligawana chapati za Madam, wakaswali, wakalala kwenye mchanga, mbu wakawaamsha. Idrisa alikuja akakaa karibu yangu, akasema bila kunitazama, "Ungeuliza kwa sauti kubwa kidogo asubuhi." Nikamwambia, "Ungejibu kwa sauti ndogo kidogo." Akacheka, nami nikacheka, halafu hofu ikarudi mahali pake. Nilikuwa naona begi langu, naona basi la kwenda Lindi, naona uwanja wa bibi. Nampenda bibi yangu. Lakini kule hakuna mtu wa kusema tusianze bila Rukia.

Maji yalirudi kama mwizi. Kwanza kwenye mashimo ya kaa, halafu ulimi mwembamba katikati ya tope, halafu ghafla boti ikajitikisa kama ng'ombe anayeamka.

Kurudi. Jua lilikuwa chini, upepo umeongezeka. Nahodha alitupanga: wazito nyuma, wepesi katikati, asisimame mtu. Tulipofika kwenye maji makubwa mawimbi sasa yalikuwa yanatoka nyuma yetu, huyaoni mpaka yamefika. Katikati ya safari mashine ikakohoa, ikazimika.

Sijawahi kusikia kimya cha namna ile. Boti ikageuka yenyewe ikapokea wimbi ubavuni, na maji yakaingia mpaka kwenye vifundo vya miguu. Mtu mmoja akaanza kusema, "Ya Rabi, ya Rabi," na nilidhani ni mimi, kumbe ni Idrisa. Nahodha alikuwa ameinama nyuma na kisu. Kipande cha wavu wa zamani kilikuwa kimejisokota kwenye panga la mashine. Alikikata kidogo kidogo huku anatutukana sisi, wavu na bahari kwa zamu. Nilifunga macho. Nikafikiri, ingekuwaje kwenye ile ngalawa? Nikafikiri tena, yote ni sawa tu, mimi sijui kuogelea kokote.

Mashine ikawaka.

Na tulipoanza kuona taa za Masoko, zikiwa bado ndogo, upepo ukaleta adhana. Ilikuja vipande vipande juu ya maji, kutoka msikiti huu na ule, ya kwetu nikaitambua kwa sauti ya muadhini. Skola alinitazama, kwa kuwa alijua. Akanishika mkono, safari hii yeye. Mimi nilisikiliza adhana mpaka mwisho. Kwa sharti la Baba, mambo yalikuwa yameisha.

Bandarini tena. Giza lilikuwa limeingia na taa ya gati imewashwa. Chini ya ile taa, mbali kabisa na ukingo, ameshika nguzo kwa mkono mmoja, alikuwa amesimama Baba.

Sikuamini kwanza. Alikuwa na shati lake la sokoni lenye vumbi la mahindi. Pembeni yake alikuwepo Bi Mwatima, jirani yetu anayechokoa pweza kwenye miamba.

"Huyo amekuja mtoto wako," Bi Mwatima akamwambia, kisha akanigeukia mimi. "Yuko hapa tangu alasiri. Kila chombo kikiingia anakiuliza kama ni cha Songo Mnara. Hata cha mkaa amekiuliza."

Nilipanda ngazi za gati nikasema shikamoo. Akaitikia. Akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, tope lote lile, kama anahesabu kama nimerudi nzima.

Madam akaja mbio. "Mzee shikamoo, kosa ni letu sisi wakubwa, mtoto hana kosa. Na alikuwa amevaa jaketi muda wote."

"Marahaba," Baba akasema. "Mwalimu, mtoto wangu hajui kuogelea."

"Ni kweli mzee, lakini jaketi—"

"Na mimi sijui." Sauti yake ilikuwa ndogo, nami sijawahi kumsikia na sauti ndogo. "Nimesimama hapa tangu alasiri nayatazama haya maji. Nikaona kwamba hata angeanguka pale," akanyoosha kidole mahali karibu tu, ungeweza kuparushia jiwe, "pale, namwona, mimi ningebaki nimesimama hapa hapa."

Skola alinifungua jaketi, akamrudishia Nahodha.

Tulitembea mpaka nyumbani yeye mbele mimi nyuma. Mama alinipa maji ya moto ya kuoga na wali na dagaa, nikala naangalia sahani. Baba alisema tu, "Lala. Asubuhi." Ndiyo sentensi nzima. Nililala nimevaa nguo za kutokea, nikijua naamshwa kwenda stendi.

Kuhusu magofu nimejifunza mengi na mgeni akija nitamweleza, hata nikitetemeka. Kuhusu maji nimejifunza moja, nalo nawaandikia wenzangu wa darasani ambao hawakwenda: uulize kabla hujapanda, hata kama umezaliwa juu yake, na ukichekwa uulize tena. Kuhusu Baba nilidhani namjua. Miaka yote nilifikiri anapita njia ya juu kwa sababu anaidharau bahari.

Jumapili asubuhi aliniamsha kabla ya chai. "Vaa nguo ya kulowana," akasema.

Sikuelewa. Nilimfuata mpaka kwa Bi Mwatima. Alikuwa anafagia uwanja.

"Nataka umfundishe huyu kuelea," Baba akamwambia, baada ya salamu zote.

"Huyu? Umri huu?" Bi Mwatima akaegemea ufagio. "Watoto wetu tunawatia majini hata hawajaota meno."

"Sisi tulichelewa kufika."

"Na akishajua?"

Baba akanitazama kidogo, akatazama pembeni. "Akishajua ataendelea na wageni wake. Kabla ya hapo, hapandi chombo."

Bi Mwatima akacheka. "Na wewe Mmwera, huingii majini?"

"Mmoja mmoja," Baba akasema.

Tulishuka ufukweni watatu. Maji yalikuwa yamejaa. Baba alibaki juu kwenye mchanga mkavu, amekunja mikono. Mimi nilifunga khanga kifuani, nikaingia nimeshikwa mikono miwili na Bi Mwatima, hatua kwa hatua. Magoti. Kiuno. Baridi ikanipanda mgongoni. Kifua.

"Usiende mbali!" Baba akapiga kelele kutoka juu.

"Hajaenda popote!" Bi Mwatima akamjibu. Halafu akaniambia mimi, taratibu, "Sasa ziba pua. Usinishike sana, nipo."

Nilitaka kumwambia kwamba naogopa. Nikamwambia. Akasema anajua.

Nikaziba pua, nikafunga macho, nikazamisha kichwa.